Nilienda kupimwa pumzi ili nisinyang'anywe bass ya fanfare, nikajikuta naambiwa habari za mishipa ya damu

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Hili limenipata mimi mwenyewe, sijaliongeza chumvi. Kiswahili chetu cha huku kina Kifaransa ndani, mtanivumilia.

Nina miaka 22, mwanamke. Asubuhi nakaanga beignets, yaani maandazi, za kuuza, jioni napiga bass kwenye fanfare, bendi ya matarumbeta ya parokia. Bass ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linavaliwa begani. Babu yangu, mtu wa reli, aliipiga. Kwa hiyo mtu asije akaniambia ni chombo cha wanaume, tutagombana.

Mwaka huu pumzi ikaanza kunikatikia njiani. Tukikaa kwenye viti napiga vizuri. Tukianza kutembea kwenye maandamano, mtaa wa pili tu nimekwisha.

Chef wetu, anayeongoza bendi, Papa Léonard, akanisema mbele ya wote:

"Weye uko muvivu. Kama pumuzi haiko, kwa fête ya parokia utapiga matoazi. Bass nitapatia Trésor."

Matoazi! Mimi! Siku ya sikukuu, bass apewe kijana niliyemzidi umri! Siku ile chakula kilinishinda.

Nikaapa nitaleta karatasi ya daktari imfunge mdomo. Binamu yangu Nadège anamalizia udaktari, na pale hospitali anapofanya stage, mazoezi ya kazi, walikuwa wanatafuta vijana wa kuwapima mapafu na mishipa bila malipo. Mimi nilisikia mapafu tu. Nikaenda mbio.

Wanakubana pua, unavuta hewa, unapuliza kwenye mrija uliounganishwa na mashine. Nikajisemea hii si ndiyo kazi yangu, leo watanitambua.

Nikapuliza. Nadège akaangalia screen, akakunja uso.

"Mudogo, hii ni pumuzi ya mumama muzee."

Nikarudia. Ikawa mbaya zaidi. Nikaona bass inaondoka hivi hivi.

Halafu akanitazama mdomo, akaanza kucheka. Kumbe nilikuwa nabana midomo na kuitoa hewa kidogo kidogo. Fanfare ndivyo inavyotufundisha, pumzi unaichunga ikufikishe mwisho wa wimbo. Ile mashine inataka yote itoke kwa nguvu mara moja, na ikiisha uzidi kusukuma.

Mara ya tatu nikaitoa yote mpaka machozi. Afadhali, ila bado ilikuwa chini kidogo ya watu wa umri na urefu wangu.

Baada ya hapo wakanilaza, wakanifunga mikanda ya presha mkononi na kwenye kifundo cha mguu. Nikauliza, jamani, nimekuja kwa ajili ya mapafu, mguu unahusu nini?

Wakuu, hapa ndipo nilipopata hamu ya kujua. Ile mikanda inaangalia pigo la moyo linachukua muda gani kufika mguuni. Mshipa laini unatanuka, pigo linapita taratibu. Mshipa ulioanza kukakamaa unalipitisha haraka. Langu lilipita haraka kuliko walivyotegemea kwa miaka 22.

"Basi niko mugonjwa?" nikamuuliza Nadège.

"Hapana. Kipimo moja haiwezi kusema ugonjwa. Lakini mapafu na mishipa ni majirani. Moshi ikiingia kwa mapafu, haibakie pale tu."

Nikamuuliza kipi kinaanza kuharibika. Akasema hata walimu wake bado wanatafuta. Jibu hilo nililipenda, maana hakunidanganya.

Akaniuliza nakaangia wapi. Jikoni, kwenye babula ya makala, jiko la mkaa, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi la barabara. Tangu nikiwa na miaka kumi na nne. Akasema hawezi kuapa kwamba ni moshi, ila babula itoke nje leo leo.

Ile karatasi ya majibu waliyonipa nilitaka kuichana, sitaficha. Mwishowe nikampa Papa Léonard. Akaisoma pole pole.

"Bon. Si uvivu. Nisamehe, mutoto yangu. Lakini fête ni ya Trésor."

Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Siku ya fête nikabeba matoazi yangu. Mtaa wa tatu, bass ikanyamaza. Nikageuka. Trésor ana miaka ishirini, ni mchomeleaji, anafanya kazi kwenye kibanda kisicho na dirisha. Alikuwa ameshika ukuta, anahema.

Nilifurahi. Naam, nilifurahi, kwa hatua kama kumi hivi. Halafu nikamwona anavyoitafuta hewa, nikaogopa sana.

Papa Léonard hakumwita mvivu. Kesho yake aliagiza fanfare nzima ikapimwe, yeye wa kwanza.

Nilichojifunza ni kwamba kijana akiishiwa pumzi msimtukane kabla hajapimwa, na anayepimwa mapafu aulizie na mishipa. Babula yetu sasa iko uani. Maman ananung'unika kwamba vumbi linaingia kwenye unga, atazoea.

Kama kuna mtu hapa alishapimwa vyote viwili, aniambie aliambiwa nini, na kama namba zake zilibadilika baada ya kuacha moshi. Madaktari mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea.

Mtauliza bass iko wapi. Jumapili iliyofuata Trésor aliivua mwenyewe, akanivalisha begani mbele ya wote, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, kamata. Miye siwezi tena."

Ninayo. Sikuitaka kwa njia hiyo.