Banda la Kuku Lenye Lenta

Shangazi yangu ana banda la kuku ambalo mtu mrefu anaingia bila kuinama, tena akiwa na kofia kichwani.

Nalijua vizuri. Nililichora mimi.

Msicheke kwanza. Au chekeni tu, nimeshazoea.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo kwa kompyuta, kwenye ofisi ndogo yenye meza tatu, feni moja na bosi mwenye wivu na karatasi zake. Ukiharibu moja anaishika kwa vidole viwili kama kapata panya aliyekufa, anakuuliza, "Na hii nayo ni nini?"

Shangazi ni fundi cherehani, na ndiye aliyenilea. Asubuhi moja akanipigia simu.

"Mwanangu, si unachora majumba ya watu? Basi nichoree na mimi banda la kuku. Wako arobaini jikoni kwangu. Nikitaka sufuria, naomba njia."

"Hilo tu, shangazi? Kesho unalo!"

Mdomo huu jamani.

Sasa niwaeleze kosa lenyewe, maana lilikuwa kosa la kitaalamu, si la kijinga. Haya, lilikuwa la kijinga.

Kwenye kompyuta unachora kitu kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa mita nne unauchora mita nne. Ukitaka kuprinti, unafungua ukurasa uliopangwa kama karatasi, unaweka kidirisha, na ndani ya kidirisha unaamua mchoro upunguzwe mara ngapi ili uenee. Kisha chini ya ukurasa unaandika umepunguza mara ngapi, kwa mfano skeli moja kwa hamsini.

Bosi alikuwa ametoka kwenda kula. Printa ikawa yangu. Badala ya kupanga ukurasa mpya nikadandia wa kazi ya zamani, ambao chini uliandikwa moja kwa hamsini.

Banda likatokea dogo katikati ya karatasi, linatia huruma. Nikaona aibu. Nikalikuza kwenye kidirisha, likawa moja kwa ishirini na tano, limejaa vizuri, limependeza.

Yale maandishi ya chini sikuyagusa.

Halafu kuna la pili. Mchoro una matabaka, na namba za vipimo nilikuwa nimeziweka kwenye tabaka lililowekwa lisiprintiwe. Kwenye kioo cha kompyuta unaziona zote. Kwenye karatasi hakuna hata moja.

Nikasikia viatu vya bosi kwenye ngazi. Nikaikunja karatasi bila kuiangalia, nikaitia kwenye mkoba, nikakaa kama mtu anayefikiria kazi.

Kesho yake shangazi akawa nayo mkononi.

Wiki tano zikapita. Kila akipiga simu ni sifa tu. Fundi anaifuata karatasi yangu bila kupinda. Majirani wanaulizia nimesoma wapi. Kichwa kikanivimba.

"Mmefika wapi sasa?" nikamuuliza siku moja.

"Tumemaliza lenta."

Nikakaa wima kitini.

Lenta ni ile zege inayopita juu ya milango na madirisha ya nyumba. Ya nyumba! Tangu lini kuku akajengewa lenta?

"Shangazi, lenta ya nini?"

"Njoo ujionee mwenyewe, injinia wangu."

Jumamosi nikaenda. Kabla hata sijaliona banda, macho yangu yalikimbilia nyuma ya chumba chake, mahali anapoweka matofali.

Hapo mnielewe. Shangazi alikuwa ananunua matofali kwa miaka kumi na moja, machache machache, ili siku moja ajijengee nyumba. Anaishi kwenye chumba kimoja kinachovuja. Utotoni ukikutwa umekaa tu juu ya yale matofali, unachapwa.

Hayakuwepo. Hata moja. Pamebaki udongo mkavu na mjusi.

Kisha nikaliona banda.

Mita nane kwa sita, na bati limeshapigwa juu. Mlango mita mbili na zaidi. Ndani, fito za kulalia kuku zimepigwa usawa wa kifua changu. Viota vya kutagia viko kumi na viwili ukutani, kila kimoja mbuzi anaenea.

Fundi akanijia anatabasamu, mikono imejaa saruji.

"Mchoraji! Miaka ishirini ya kazi, sijawahi kujenga banda la heshima kama hili."

"Fundi, vipimo umevitoa wapi?"

Akachomoa mfukoni rula ya plastiki, ile ya watoto wa shule.

"Karatasi yako haina namba. Nikajua vijana mnapenda kutupima akili. Nikapima mwenyewe. Ukuta huu sentimita kumi na sita. Umeandika hapa moja kwa hamsini. Kumi na sita mara hamsini, si ni mita nane hiyo?"

Nikaichukua rula. Sentimita kumi na sita kamili. Ulitakiwa uwe ukuta wa mita nne. Kila kitu kimetoka mara mbili.

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa sana. Nikasema hawa si kuku, ni mbuni, ila mmeona haya kuandika."

Nikiwa nimeduwaa hivyo, likaingia gari la baba mkubwa, kaka yake shangazi. Gari lile buti lake halijawahi kurudi tupu kutoka pale.

"Dada, nipe matofali thelathini tu, namalizia choo."

"Yameisha, kaka. Nimejengea banda la kuku."

Baba mkubwa akatazama juu. Akatazama mlango. Akazunguka jengo zima, akarudi.

"Kuku wako wanavaa viatu?"

"Wanapenda hewa," shangazi akajibu, hata hacheki.

Mzee akatikisa kichwa, akaniangalia kwa huruma kama anayeniachia mgonjwa, akawasha gari akaondoka.

Mimi sikuweza tena. Nikaingia ndani, nikajikunja kwenye kiota kimojawapo, nikaanza kulia. Nilienea vizuri tu.

Shangazi akanifuata. Akaona hakuna kiti, akaingia kiota cha jirani.

"Unalia nini na wewe?"

"Nimekosea, shangazi. Banda lilitakiwa liwe nusu ya hivi. Urefu nusu, upana nusu, kila kitu. Nimekumalizia matofali yako. Nyumba yako ndiyo hiyo imeishia kwenye kuku. Nisamehe."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba umekosea. Fundi alipofunga kamba za msingi tu, niliona. Mimi nakata nguo, mwanangu. Nikimwangalia mtu najua kiuno chake. Nitashindwa kuona kwamba kuku arobaini hawahitaji mita nane?"

Machozi yakakatika yenyewe.

"Ukanyamaza?"

"Nikamwambia fundi afuate karatasi."

"Shangazi!"

"Sikiliza. Miaka kumi na moja, kila nikitaja neno nyumba, wanakuja. Baba yako mkubwa na buti lake. Mara niazime ishirini. Mara subiri nikutafutie fundi mzuri. Mara mwanamke peke yako, nyumba ya nini? Na mimi nasubiri. Safari hii nimesema najenga banda la kuku. Umemwona yeyote aliyekuja kunishauri?"

Nikatazama tena kile chumba. Kwenye fito alikuwa ameshatundika magauni ya wateja. Kiota cha kwanza kilikuwa na sufuria. Cha tatu, vitambaa vimekunjwa vizuri.

"Na kuku wataenda wapi?"

"Wamerithi chumba changu. Kinavuja, lakini wao wana manyoya."

Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Halafu hasira ikanipanda, jamani, nisiwafiche.

"Lakini shangazi, wiki tano! Tunaongea kila siku kwenye simu! Kwa nini hukuniambia?"

Akanigeukia kutoka kwenye kiota chake, akanishangaa kwelikweli.

"Ningekuambia, si ungerekebisha?"

Basi, funzo. Ninyi wachoraji wenzangu, kabla hamjaprinti hakikisheni kidirisha na maandishi ya chini yanasema kitu kimoja, na muiangalie karatasi ikitoka, hata kama bosi yuko kwenye ngazi.

Na ninyi wengine: ukimkosea mtu mzima halafu ukamwona ametulia, usikimbilie kuomba msamaha. Muulize kwanza kama anataka kosa lirekebishwe.