Salamu Iliyofika Nyumbani Kwetu

Chama chetu hakikuwa na ofisi. Kilikuwa na baraza ya nyumba yetu pale Kisarawe, na sanduku la bati lililojaa kwinini, chaki, sabuni na vitambaa vya kufungia vidonda. Watu wake walikuwa wakulima wa usharika wetu, walimu wawili watatu, na jamaa wachache Waislamu wa upande wa Kibaha na Mlandizi, ambao kila msimu wa korosho walitenga debe moja kwa ajili yetu. Walitaka watu wa visiwa vilivyo mbele ya Kisiju wapate shule na dawa, kwa kuwa serikali ya Mwingereza ilikuwa bado haijawakumbuka. Baba alikuwa karani wa chama na mzee wa kanisa. Mama ndiye aliyekwenda kufundisha. Mimi nilikuwa binti wao pekee, na kazi yangu ilikuwa kuchemsha vitambaa vya vidonda. Nilivichemsha kwa hasira, maana kila sufuria niliyoinjika ilikuwa ya kumpeleka mama mbali nami.

Kisiwani alikopangiwa, wavulana walikuja shule bila kusukumwa. Wasichana walikuja wakiwa wadogo, kisha mmoja mmoja walipotea. Msichana akishavunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na haonekani tena mpaka siku ya kutolewa. Mama alikuwa amepanga kwa mjane mmoja mwenye binti hodari kuliko wote darasani. Binti naye akawekwa ndani. Mama akaomba aendelee kumfundisha humo humo gizani. Wanawake wa kisiwa hawakumkatalia. Walimwambia tu kwamba anayeingia kwa mwali ni somo wake, basi, hakuna mtu mwingine anayeingia. Na somo si wa siku moja. Atamfunda, atakuwapo kwenye harusi yake, na uchungu wa mimba ya kwanza ukimshika, ni somo atakayemkalia nyuma na kumshika mabega. Hayo yakishafungwa hayafunguliwi.

Mama akakubali. Alimfundisha kusoma kwa mwanga wa upenyo wa makuti, na baada yake milango ya wasichana wengine waliowekwa ndani ikafunguliwa. Aliporudi nyumbani kwa mapumziko alizungumza habari za yule binti tangu kuwasha moto asubuhi hadi kuuzima. Alimwita mwanangu. Nilimchukia yule msichana ambaye sijapata kumwona, nasema kweli. Nilipovunja ungo mimi, mama alikuwa kisiwani. Sisi watoto wa Kikristo hatukuwekwa ndani wala hatukupewa somo, kanisa lilikataza. Jirani alinipa kitambaa, akaniambia niache kulia, akaenda zake kupalilia mihogo. Baba siku ile alinipikia uji mwenyewe, akauunguza, tukaula hivyo hivyo.

Habari ya mwalimu wa chama kuwa somo ilifika Kisarawe kama zinavyofika habari zote, imeongezewa chumvi. Wazee wa kanisa wakakaa barazani kwetu, juu ya viti vyetu, wakinywa chai yetu, kumhukumu mama yetu. Walimtaka asimame mbele ya usharika aseme amelivua lile jambo la unyago. Mama alikuwa amekaa mkekani, mikono mapajani.

"Wazee wangu, mtu halivui," alisema. "Ningeweza kusema kwa mdomo, lakini yule mtoto angebaki na somo yule yule."

"Unatuharibia chama, mama," mzee mmoja alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechanga kuliko wote.

Baba alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa.

Wakamtenga. Kila Jumapili akawa anakaa benchi la nyuma, haendi mezani kwa Bwana, na kisiwani wakampeleka mwalimu mwanamume. Hata mtoto mdogo angeweza kukueleza kitakachotokea. Hakuna mwanamume anayeingia kwa mwali, na wasichana wakakoma kusoma. Ndipo wazee walipolegea kidogo. Wakasema, akikaa kwa utulivu bila kukanyaga kisiwani mpaka Pasaka, siku hiyo jina lake litasomwa, atarudishwa kundini, na baada ya hapo atapewa tena shule yake. Mama akakubali kwa ajili ya shule. Aliweka sharti moja tu.

"Mwanangu ameolewa na ana mimba. Siku akinihitaji nitakwenda, hata kama ni kesho. Mengine yote nitawatii."

Wazee wakatazama chini. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana. Mama alichukua kimya chao kuwa ruhusa.

Basi tukaishi Kwaresima ile kwa kusubiri. Mama alikuwa na kitu kimoja tu kichwani. Alifunga khanga mbili na kipande cha sabuni, akakiweka kile kifurushi nyuma ya mlango, na kila mtu aliyepiga hodi alimtazama usoni kwanza kabla ya kumkaribisha. Alinifundisha mimi pia, tukiwa shambani, namna mwanamke anavyoshikwa akizaa. Nilijifanya sisikii. Ukweli ni kwamba nilikuwa na furaha, kwa mara ya kwanza nilikuwa naye peke yangu.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka alikuja mchuuzi wa ng'onda, samaki wa kukausha, kutoka Kisiju. Alikuwa akipita kwetu mara kwa mara, hupumzika barazani na kuomba maji. Mama alikuwa anapepeta mpunga uani, akatoka mbio ungo mkononi.

Mchuuzi alivua kofia. "Pole, mama. Pole sana kwa mwanao."

"Pole ya nini?"

Yule mtu alitutazama kwa zamu, akachanganyikiwa. Akasema yule binti alishikwa na uchungu, ukawa mrefu. Wakunga waliokuwapo walitaka wamweke mtumbwini wavuke naye Kisiju, akatafutiwe gari la hospitali. Yeye akakataa kutoka. Akawa anawaambia somo wangu yuko njiani, ameshaambiwa, nimngoje hapa asije akanikosa. Walipombeba kwa nguvu alikuwa hana tena nguvu za kukataa. Amekufa yeye na mtoto wake, na wameshazikwa.

"Mimi sikuambiwa," mama alisema.

"Nilileta salamu mwenyewe, mama. Wiki ile ya juzi, alipokuwa bado mzima, tumbo limeshashuka. Alisema uje mapema. Nilimpa mzee, hapa hapa barazani."

Baba alikuwa ametoka ndani, amesimama mlangoni. Sijapata kuona uso wa mtu ukizeeka vile mbele ya macho yangu.

"Nilitaka Pasaka ipite kwanza, mama watoto," alisema. "Zilibaki siku chache. Nilidhani atasubiri. Ungekwenda, wasingekurudishia shule tena, na wewe unajua hivyo."

Mama aliumwaga mpunga wote kwa kuku, akaenda nyuma ya mlango akachukua kile kifurushi. Nilimfuata bila kuagizwa. Baba alisema jina lake, jina lake la usichana, ambalo mimi sikuwahi kumsikia akilitumia. Tulikuwa tumeshateremka barazani.

Tulipata lori la mkaa sehemu ya njia, kwingine tukatembea. Pasaka asubuhi, wakati jina lake linasomwa kanisani mbele ya benchi tupu, sisi tulikuwa tumekaa mchangani Kisiju tukingoja mtu wa kutuvusha.

Nyumba ya mjane ilijaa wanawake. Wenye msiba walikuwa ndani, miguu imenyooshwa, na wageni walikuwa nje chini ya banda la makuti. Mahali pa somo ni ndani, kando ya mama mzazi. Mama aliingia moja kwa moja kama mtu anayeingia kwake. Mjane alimtazama, macho yamevimba, akamuuliza neno moja tu.

"Salamu ulipata?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimelibeba jibu tangu Kisarawe, limenichoma kifua njia nzima. Mama alinishika mkono, akanibana hadi ukaniuma.

"Nilipata," alisema.

Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja aliinuka, akachukua mkeka, akatutandikia nje pamoja na wageni, akatuletea maji ya kunawa kwa heshima zote. Tulikaa pale mpaka msiba ukaanuliwa. Mama hakulia mbele yao. Alisema hapo si mahali pake tena pa kulilia.

Njiani kurudi sikuweza kujizuia. Nilimwambia amemkinga mtu asiyestahili, na wale wanawake watamchukia maisha yao yote kwa kosa ambalo si lake. Nililia kwa uchungu, kwa ajili ya yule msichana niliyemchukia, ambaye alikufa akiwa na uhakika kwamba mama yangu yuko njiani.

Mama alihamishia kifurushi mkono wa pili.

"Salamu ililetwa nyumbani kwangu," alisema. "Mchuuzi alifika mpaka barazani kwangu, akamwambia mume wangu. Ningemwambiaje yule mama kwamba haikufika?"