Joto Lililopimwa Kivulini

Ilikuwa imepita miaka thelathini na miwili tangu Mpimaji aingie kazini katika ofisi ya jiji. Aliingia nywele zake zikiwa nyeusi ti, na jiji likiwa na miti mingi kuliko nguzo. Miti ikapungua, nguzo zikazidi, na nywele nazo zikageuka rangi kidogokidogo, asiweze kutaja ni mwaka gani hasa zilipogeuka. Hivyo ndivyo Mola azipitishavyo siku juu ya waja wake, pasipo kishindo.

Kazi yake ilikuwa kupima joto. Si la hewa peke yake, bali lile linaloubana mwili wa mtu. Alikuwa na kigoda cha miguu mitatu chenye tufe jeusi la kunasa ukali wa jua, utambi uliolowa maji wa kupimia unyevu, na kijipangaboi cha kupimia upepo. Tarakimu hizo aliziingiza katika kompyuta, ambamo aliishi mtu aliyeumbwa kwa hesabu: mwenye miaka thelathini na mitano, kilo sabini, shati jepesi na mwendo wa taratibu. Wenzake walimwita Bwana Wastani, wakimtania Mpimaji kuwa ndiye rafiki yake wa pekee. Kila mtaa aliotembezwa Bwana Wastani ulipewa rangi katika ramani. Palipokuwa pekundu, jiji lilitandaza vivuli vya turubai na kuweka mabomba ya maji. Palipokuwa kijani, watu waliambiwa wako salama.

Uchochoro wa wapiga pasi, nyuma ya soko, ulikuwa kijani.

Humo alifanya kazi dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipotangulia mbele ya haki. Utotoni alilala chini ya meza ya dada huyo, akinusa nguo zilizonyooshwa na moshi wa mkaa. Dada alimbandika jina la Kifaranga, wala hakulibandua hata mdogo wake alipoanza kuvaa tai.

Jina hilo ndilo lililomponza. Siku ya kupima uchochoro ule, miaka miwili iliyopita, alifuatana na mkurugenzi pamoja na wageni wawili wenye suti. Walipofika mdomoni mwa uchochoro akasikia kicheko cha dada yake kikitoka ndani. Akamwona akilini, kama vile limekwisha kutokea, akitoka na jasho lake na khanga yake iliyounguzwa na cheche, akiita mbele ya wakubwa: "Kifaranga! Umekula?" Akakitua kigoda penye baraza la duka la dawa, kivulini, upepo ukipita.

"Hapa panatosha, mheshimiwa," alisema. "Ndani ni hivi hivi."

Jumanne moja, saa saba na nusu mchana, dada akaanguka penye meza yake, pasi ya mkaa mkononi. Wenzake walimmwagia maji, wakamkimbiza hospitali. Mpimaji alimkuta kitandani, midomo imekauka, mkono umefungwa bendeji.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Kifaranga. Mbona umenywea hivyo? Nimeanguka mimi au wewe?"

"Pole, dada."

"Nishapoa. Uzee tu huu. Wenzangu walitaka kuacha kazi za mchana, wakalalamike ofisini kwenu. Nikawafokea. Nikawaambia, mdogo wangu ndiye aliyepima, kasema kijani. Nyie mmezidi kudeka."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Akainamisha kichwa, kisha akasimulia yote: baraza, kivuli, wageni, kicheko.

Dada aliuvutia kifuani mkono wenye bendeji. "Kwa hiyo ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Ukaona haya."

"Niliona haya, dada. Nisamehe."

Dada akageukia ukuta. "Na huyo mtu wako wa kwenye kompyuta, anashika pasi?"

"Hapana. Anapita tu."

"Anapita tu! Hata mimi ningekuwa napita tu, pangekuwa kijani." Alicheka, kikohozi kikamkata. "Usikae hapa kuniomba msamaha. Wenzangu bado wamesimama kule. Nenda."

Ramani ilikuwa itiwe sahihi upya keshokutwa yake, itumike miaka mitano mingine. Kesho yake, saa saba na nusu, Mpimaji akakitua kigoda mbele ya meza ya dada yake, chini ya mabati, pasi za wenzake zikiwaka kulia na kushoto. Hakuna aliyemtania. Katika hesabu akamsimamisha Bwana Wastani, akamwongezea miaka thelathini, akamwekea mkaa mbele ya kifua kwa muda wa saa tisa. Rangi ikapita nyekundu.

Kwenye kikao cha kutia sahihi, mkurugenzi alimsikiliza, kisha akamnong'oneza kwa huruma: "Mzee, andika tu kwamba kifaa kilikosea. Umebakiza miezi minane ustaafu."

"Kifaa hakikukosea, mheshimiwa. Kilipima pale kilipowekwa. Aliyekiweka ndiye aliyekosea, na alijua."

Akaeleza sababu mbele ya wote, na lile jina la Kifaranga akalitaja. Mmoja alicheka, kisha akajutia kicheko chake. Mpimaji alivuliwa uongozi wa kitengo, na ramani ikarekebishwa. Kabla mwezi haujaisha turubai zilitandazwa uchochoroni na bomba likafunguliwa.

Dada hakurudi kusimama. Hukaa kitini chini ya turubai, akikunja nguo kwa mkono mmoja. Kila adhuhuri mdogo wake humletea maji, na kila akimpa kikombe huuona mkono ule wenye kovu, naye hutazama chini.

"Umekula, Kifaranga?" dada huuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Nimekula, dada," naye hujibu, kwa sauti kubwa vilevile.

Ewe Mola Mwenye kusitiri, mpe mama huyu siha na kivuli cha rehema Yako. Mkubalie mdogo wake toba, na uwaneemeshe jamaa zao na wote wasimamao mbele ya moto kutafuta riziki ya halali. Amina.