Mgawa Maziwa wa Kiwanda cha Mawe

Kwa miaka saba kazi yake ilikuwa kugawa maziwa, na aliifanya kwa dharau kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Kiwanda chenyewe kilikata mawe ya sakafu na ya meza za jikoni. Kila siku saa nne asubuhi alisimama nyuma ya meza ya bati akawapa wakataji pakiti moja moja. Wenye kiwanda waliamini, au walijifanya kuamini, kwamba maziwa husafisha kifua: vumbi linaingia, maziwa yanalisukuma chini, mtu anakwenda chooni, habari imekwisha. Aliyeleta elimu hiyo ni ofisa usalama, bwana mwenye kofia ngumu nyeupe ambayo haikuwahi kupata hata mkwaruzo. Wakataji walimwita Debe, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini.

Mgawa maziwa mwenyewe walimwita Mama Maziwa. Hakuwa na mtoto, na harufu ya maziwa ilimtia kichefuchefu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na akisonya walisikia hadi chumba cha pili.

"Chakula kina njia yake na pumzi ina njia yake," alimwambia mdogo wake. "Hata kuku ninayemchinja analijua hilo. Debe hajui."

"Dada, wewe gawa tu. Mdomo huo utakufukuzisha kazi."

Huyo mdogo wake ndiye aliyemwombea kazi pale. Alikuwa mkataji wa mashine ya pili, na mkono wake ulikuwa umenyooka kuliko rula. Jioni alirudi nyumbani nyusi na kope nyeupe, kama aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Mkewe alimzuia mlangoni mpaka akung'ute nguo, na vumbi hilo la kukung'uta akalivuta tena.

Mashine zilikuwa tano. Zote zilinunuliwa zikiwa na bomba dogo la kumwagia maji pale msumeno unapogusa jiwe, ili vumbi lisipae, ligeuke tope. Lakini tope lilitiririka hadi chumba cha maonyesho, na wateja wakalalamika kwamba viatu vyao vinachafuka. Basi mabomba yakazibwa. Viatu vikapona. Bomba la mashine ya tano tu ndilo lililoshindikana, kwa kuwa lilikuwa limeshika kutu na spana ya fundi iliteleza mpaka akachoka, akaliacha limwage. Wakataji wawili wa mashine hiyo walishinda wamelowa miguu, na maziwa walinyimwa.

"Ninyi hamna vumbi," Debe aliwaambia. "Maziwa ya nini?"

Aliyasema hayo kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu, na masikio yake hayakusikia.

Kwa kuhofia maziwa kuibwa, Debe alimwamuru Mama Maziwa aandike daftari la wakataji wote, hata wale walionyimwa: nani amechukua, nani hakuja kazini, na kwa nini. Akaandika, na kila Ijumaa Debe akaweka sahihi. "Msiba." "Mtoto mgonjwa." "Kifua." "Kifua." "Kifua." Mwaka wa tatu aligundua kwamba neno hilo linajirudia kwa watu wa mashine nne za kwanza, na kwa wale wawili wa ya tano halionekani kabisa. Alimwonyesha Debe.

"Hao wanavuta sigara," Debe alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Mdogo wangu hajashika sigara tangu azaliwe."

"Basi anaishi na wanaovuta."

Mama Maziwa alisonya, akafunga daftari. Kesho yake akaendelea kuandika.

Watafiti walikuwa wakija. Wa kwanza walileta dodoso lenye maswali arobaini, wakawauliza wakataji kama wanaridhika na mazingira ya kazi huku Debe amesimama nyuma ya kiti. Wote waliridhika. Watafiti walikula mchana na meneja, wakapiga picha, wakaenda zao. Wa pili waliwapulizisha watu kwenye mrija, wakaandika namba, wakaahidi majibu. Hayakuja. Walichuma pumzi za watu kama mboga shambani, wakaenda kupikia kwao.

Kwa hiyo alipokuja wa tatu, mwanamke mfupi mwenye begi mgongoni, Mama Maziwa alimpima kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Na wewe umekuja kuchuma?"

"Nimekuja kupima vumbi, dada. Majibu nitayaleta mwenyewe."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Mtafiti aliwabana wakataji vifaa vidogo kwenye kola, vya kunyonya hewa wanayoivuta, vikakaa zamu nzima. Baada ya wiki tatu alirudi na karatasi, kila mtu na yake, akawasomea mmoja mmoja pale pale kwenye meza ya bati. Vumbi la mashine kavu lilikuwa zaidi ya mara ishirini ya lile la mashine ya tano.

Mama Maziwa alimtazama kwa muda. Kisha akainama chini ya meza, akatoa madaftari saba yaliyofungwa kwa kamba.

"Haya. Wasomi hawakuwahi kuniuliza."

Mtafiti alifungua la kwanza, akakaa chini kwenye kreti ya maziwa. Hakuinuka mpaka king'ora cha kutoka kilipolia.

Yeye ndiye aliyeandika barua wakataji wote wapigwe picha za kifua. Wakati huo mdogo mtu alikuwa akipumzika mara mbili kupanda ngazi ya nyumba yake. Picha ilionyesha mapafu yamejaa makovu. Daktari alimweleza bila kuzunguka: kovu halifutiki, hakuna dawa ya kulirudisha nyuma, na vumbi aliache leo.

Kikao kilifanyika katika chumba cha maonyesho, kwenye sakafu inayong'aa. Mtafiti alisoma. Meneja alikuna kidevu. Debe akacheka.

"Daftari la maziwa nalo limekuwa utafiti? La mwanamke ambaye hata sekondari hakumaliza?"

"Sikumaliza," Mama Maziwa alisema kutoka nyuma. "Lakini kila Ijumaa uliweka sahihi yako chini ya neno 'kifua'. Miaka saba. Wewe uliyemaliza ulikuwa unasoma nini?"

Debe aliitazama sahihi yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Hakuna aliyemwokoa, hata meneja.

Mabomba yalizibuliwa mwezi uliofuata, baada ya mtafiti kupeleka ripoti kwa wakaguzi wa kazi nao wakaja na kufuli, tayari kukifunga kiwanda. Ufagio ukakatazwa, sakafu ikaoshwa kwa maji, na mtaro ukachimbwa kupeleka tope nyuma. Ulikuwa mtaro wa hatua kumi na mbili. Kazi ya siku mbili, na kwa kukosa mtaro huo watu walimeza mawe miaka yote hiyo.

Maziwa yalisimamishwa. Wakataji wakamnunia Mama Maziwa.

"Umetukosesha maziwa," mmoja alimwambia. "Watoto wangu walikuwa wanakunywa yale."

Safari hii hakusonya. Alijua kwamba wengi hawakuwahi kuyanywa pale, waliyatia mfukoni.

"Nenda kadai maziwa ya watoto kwenye mshahara," alimjibu. "Kifua utakidai wapi?"

Alihamishiwa stoo, kuhesabu misumeno. Debe hakufukuzwa, alipelekwa tawi jingine, na kofia yake. Mdogo mtu alipewa kiti getini, kuandika magari yanayoingia. Mchana dada yake humpelekea chakula, wakala pamoja, yeye akitafuna polepole kwa sababu ya pumzi.

"Ungeniambia niache mapema," alisema siku moja.

"Nilikuambia maziwa ni upuuzi. Kuacha sikukuambia. Hilo nalo nilitakiwa kulisema."

Mdogo mtu akasogeza sahani upande wa dada yake, akaenda kumfungulia dereva wa lori lililojaa mawe.