Maji Safi ya Shangazi

Mdogo wangu ni kinyozi, na kwa miaka minne watu walimwita Mkemia. Walimcheka tu. Mteja akishakaa kitini, kitambaa shingoni, anamuuliza, "Mkemia, maji yameamkaje leo?" Naye, bila kuona kwamba anataniwa, anajibu kwamba sumu hakuna na uchachu uko sawasawa. Shule aliiacha kabla yangu. Elimu hiyo yote aliipata kwa kumsumbua muuza samaki na kusoma vikaratasi vya maelezo kwa miwani ya marehemu mkewe.

Samaki wenyewe walikuwa wa mkewe, wanne, wekundu, kwenye tangi la kioo pale sebuleni. Mke alipougua, mdogo wangu alisema ni homa tu, wangoje kesho. Ngojangoja huumiza matumbo. Hii iliua kabisa. Binti yao wa pekee akamwambia baba yake, mbele ya waliokuja kuzika, kwamba hana mkono wa kutunza kitu chenye uhai. Akahamia mji mwingine, na simu za baba yake akawa hapokei.

Basi yule kinyozi akawashika samaki kama yai. Maji ya bomba aliyaacha kwenye ndoo siku mbili, wazi, ili dawa inayotiwa bombani ipotee. Kila Jumapili alitoa robo ya maji ya tangi, si zaidi, akajazia ya ndoo. Kisha anatia matone ya dawa kwenye kichupa cha maji: yakibaki manjano, salama, yakigeuka kijani, uchafu wa samaki umekuwa sumu. Ile sponji ya mashine ya kuchuja, nyeusi kama sufuria ya kuni, aliikamua ndani ya maji yaleyale aliyoyatoa tangini.

"Humu wanaishi vijidudu vinavyokula hiyo sumu," aliniambia. "Ukiviua, umeua samaki."

"Tangu lini uchafu ukasafisha kitu?" nikamjibu, na nikacheka. Kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa.

Siku moja binti akanipigia mimi. Anakuja Jumamosi. "Nataka kuona kama samaki wa mama bado wapo," alisema. Nilipompelekea baba yake habari, alizima mashine ya kunyolea, akakaa, mteja akabaki na kichwa nusu. Akaniomba nimsaidie kupanga nyumba.

Na mimi nikipanga nyumba, huwa naipanga. Alhamisi asubuhi, yeye akiwa kazini, nilisugua sakafu, nikafua mapazia, nikamwaga ile ndoo maana maji ya kukaa ni mazalia ya mbu. Halafu nikalitazama tangi. Maji yamefifia, yana rangi ya chai nyepesi. Mgeni aje akute hivyo, aibu ya nani? Nikawaweka samaki kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua mawe, nikaifua sponji kwa sabuni mpaka ikarudi rangi yake. Nikajaza maji ya bomba, safi, yanang'aa. Nilijipongeza. Niliwaona samaki wamepanda juu wakifumbua vinywa, nikadhani wamefurahi.

Aliporudi alisimama mlangoni.

"Dada, sponji umeiosha wapi?"

"Bombani, na sabuni. Ilikuwa imeoza."

Afadhali angenitukana. Alikimbia kwa muuza samaki, akarudi na dawa ya kuua ile dawa ya bomba, akaitia tangini. Wawili hawakufika asubuhi. Ijumaa kichupa kiligeuka kijani, na vijidudu vya kula sumu hiyo nilikuwa nimeshavifua. Wa mwisho alikufa Jumamosi, tukiwa tunakunywa chai.

Binti alifika mchana. Hata mkoba hakuutua.

"Wako wapi?"

Mimi nilikuwa mlango wa jikoni na sinia mkononi. Mdogo wangu hakunitazama.

"Nilibadilisha maji yote kwa pupa," akasema. "Nilitaka uwakute wanapendeza. Ni kosa langu."

Nina mdomo usio na breki. Mtaa mzima unajua. Siku ile ulikauka. Nilijiambia kwamba ameamua mwenyewe, kwamba mambo ya baba na mwana sina haki ya kuyaingilia. Uongo. Niliogopa tu kwamba yule mtoto atanichukia.

"Hata hawa, baba," alisema. Akanikumbatia mimi, akaondoka.

Sasa ananipigia kila wiki. Ananiambia, "Shangazi, nimebaki na wewe tu," nami najibu, "Nipo, mwanangu." Mdogo wangu akiwapo, huinuka taratibu akatoka nje, ili tuongee vizuri.