Lipu Kwenye Nyumba ya Udongo

Nyumba yetu ya Newala ni ya miti na udongo, lakini kwa miaka mingi mtu aliyepita barabarani asingejua. Niliuficha udongo ule kwa mikono yangu. Wazazi walipofariki niliacha shule, maana mimi ndiye mkubwa, nikawa saidia fundi. Kazi niliyoishika vizuri kuliko zote ilikuwa kupiga lipu.

Mdogo wangu wa kike alipofikia kuchezwa unyago, mama mdogo alikuja kutoka Mkunya kupanga shughuli. Huku kwetu, kabla mwali hajatolewa, kuta za nyumba husilibwa upya kwa udongo, kwa sababu wageni watashinda uani wakiitazama. Mama mdogo aliizunguka nyumba, akagusa mahali palipobanduka, akasema mbele ya wanawake waliokuwa wakitwanga: "Mwali wetu mnamtolea kwenye kichuguu?"

Wakacheka. Nami nikacheka, lakini usingizi sikuupata.

Kila nilikofanya kazi niliomba saruji iliyobaki mifukoni. Mvua zilipojaza kisima chetu cha uani, nikaanza. Nilipiga lipu mbele, pembeni na nyuma, vyumbani nikaviacha mpaka mwaka uliofuata. Nikapaka chokaa. Siku ya kumtoa mwali, mama mdogo alipitisha kiganja ukutani, akaniambia, "Fundi, hapa hata inzi atateleza." Maneno hayo nilitembea nayo muda mrefu.

Baadaye majengo yakaandikishwa kwa ajili ya kodi. Mwandishi alipofika nilikuwa kazini. Aliiona nyumba nyeupe yenye bati, akaipiga picha, akaiandika ya tofali. Hata ningekuwepo, sidhani kama ningemsahihisha. Kuanzia hapo, kila mwezi tuliponunua umeme, kodi ya jengo ilikatwa kwanza, ndipo tukapewa uniti zilizobaki.

Mimi nililipa nikanyamaza. Mdogo wangu hakunyamaza. Alikuwa amepata friji chakavu, anauza barafu na juisi, na umeme ndio uliokuwa mtaji wake. Siku moja alirudi kutoka ofisi ya mtaa.

"Kaka, kumbe nyumba ya udongo ya kuishi haitozwi. Ukiona wamekosea unakata rufaa, wanakuja kukagua."

"Nikaseme nini?"

"Kaseme nyumba yetu ni ya udongo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, kaka. Au niende mimi?"

Nikaenda mwenyewe, na barua ya mwenyekiti wa mtaa mfukoni. Ofisi ya kodi ilikuwa na foleni. Nilimwamkia ofisa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza shida yangu. Nikasema kwa sauti ya chini.

"Sikusikii, kijana. Sema."

"Nyumba yangu ni ya udongo, mzee. Imeandikwa ya tofali."

Nyuma yangu alikuwepo mtu aliyenifahamu kwenye ujenzi. "Ile nyeupe? Fundi, wewe si ndiye uliyenishauri nivunje ya kwangu nijenge ya tofali?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Ofisa hakucheka. Aligeuza kompyuta nione picha ya nyumba yetu. Iling'aa kweli. "Barua hii inasema udongo, picha inasema tofali," akasema. "Nitakuja Alhamisi nione kwa macho."

Ijumaa yake tulitarajia wageni kutoka Lisekese, wanaleta posa ya mdogo wangu. Nikaomba wiki nyingine. Akasema wiki nyingine yuko Masasi, na baada ya hapo likizo. Nilipofika nyumbani nikamweleza mdogo wangu, nikitumaini atasema tuache. Akajibu akiwa anafunga mifuko ya barafu: "Aje."

Alhamisi ofisa aligonga ukuta kwa vidole. "Unalia kama tofali. Vunja kidogo."

Nikamwongoza nyuma ya nyumba.

"Hapana. Vunja mbele, karibu na mlango. Picha ionyeshe vyote viwili, isije ikasemwa ni nyumba nyingine."

Nikachukua tindo na nyundo. Bibi wa jirani akatoka. "Mjukuu wangu, mbona unabomoa nyumba?"

"Naionyesha tu, bibi."

Lipu ilikataa kutoka. Nilikuwa nimeichanganya vizuri, nikaitia saruji ya kutosha, na sasa nikawa naitukana kimoyomoyo. Ilipodondoka ilishuka pande kubwa kuliko nilivyokusudia. Ndani kukatokea fito, na udongo mwekundu wenye alama za vidole. Nilikuwa mdogo mama alipoikandika nyumba ile, nami ndiye niliyemletea maji. Ofisa akapiga picha. "Usizibe mpaka upate jibu," akasema, akaondoka.

Ijumaa asubuhi nilitundika kanga juu ya tundu. Mdogo wangu akaitoa, akaikunja. "Kanga ukutani, wataifunua tu waone. Bora waone bila kufunua."

Wageni wakaketi mkekani. Shangazi wa kijana anayeoa aliketi akilielekea tundu, akalitazama muda mrefu.

"Nani alipiga lipu hii nzuri?" akauliza.

"Kaka yangu," mdogo wangu akajibu.

"Na hapo je?"

"Hapo pia ni yeye. Tumekata rufaa ya kodi, tumewaonyesha kwamba nyumba ni ya udongo."

Shangazi akacheka kwa sauti. "Sisi ya kwetu hatukuificha, wala hakuna aliyetusumbua!"

Wote wakacheka, mdogo wangu naye. Mimi nilikuwa nikihesabu miraba ya mkeka. Posa ilikubaliwa, na hakuna aliyetaja ukuta tena. Mimi tu ndiye niliyeendelea kuusikia ukitajwa.

Jibu lilitoka kabla ya msimu wa korosho. Kodi ikaondolewa. Nikaweka tayari saruji na mwiko, lakini mdogo wangu akanizuia: nikiziba kwa saruji, atakayepita kupiga picha tena ataona tofali. Basi nikachota udongo uani, nikaukanda kwa maji ya kisima, nikakandika kwa vidole kama mama.

Mdogo wangu sasa yuko Lisekese kwa mumewe, na friji alikwenda nayo. Doa jekundu limebaki kando ya mlango, katikati ya weupe wote. Wanaokuja kuniita kazi ya lipu husimama papo hapo na kuniuliza nani aliniharibia ukuta. Huwa nawaambia ukweli, ila mpaka leo nausema nikiwa natazama chini.