Widad na Kilima cha Mukawir

Wageni wakipanda basi langu kwa mara ya kwanza, humtazama Widad Haddadin wakadhani amekuja kuuza karanga. Ni mwanamke mfupi wa mji wa Madaba, mwenye kofia ya majani iliyopinda na viatu vya kiume. Akishashika kipaza sauti, basi zima linanyamaza. Alikuwa mwalimu wa historia, akaacha shule akaanza kuwaongoza mahujaji kwenye magofu ya nchi yetu, na mimi, Fawzi, ndiye dereva wake tangu hapo. Hajui kudanganya. Akiulizwa kama Musa alikanyaga jiwe fulani, hujibu, "Sijui. Lakini kaa hapa uone alichokiona." Na watu hukaa.

Mwaka juzi mwezi wa Aprili tuliwapeleka Mukawir waumini wa parokia moja ya Amman. Mukawir ni ngome ya Herode, juu ya kilima kikavu. Miongoni mwao alikuwamo Mama Saliba, bibi mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Tulipofika chini ya kilima, padre wao, Abuna Butros, akamwambia, "Mama, wewe bakia na dereva."

"Nibakie tena? Mara tatu nimeletwa hapa, mara tatu nimehiji usukani! Naujua kuliko mke wa huyu Fawzi."

Watu wakacheka. Widad hakucheka. Alimpigia simu Daktari Ghassan, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa akichimba magofu kule juu na mafundi wake, awapokee wengine. Kisha akampa bibi mkono.

"Tutapanda, mama. Ukichoka, tutakaa. Ukinitukana, tutakaa vilevile."

Nikafunga basi, nikawafuata na kiti cha kukunja.

Kila kona tulipumzika. Widad alimmiminia kahawa, na Mama Saliba akatusimulia habari za marehemu mumewe, Hanna, mwoka mikate, aliyebeba jina la Yohana Mbatizaji, maana Hanna kwa Kiarabu ndiyo Yohana, na kuahidi maisha yake yote kumleta hapa. Tulikuwa nusu ya njia wenzake walipoanza kushuka.

"Mtafika Krismasi!" akatania mwanamke mmoja.

"Basi niokeeni keki!"

Abuna Butros akatazama saa. "Widad, chakula kinatungoja Madaba. Kitapoa."

"Nenda ukakile, Abuna. Sisi tutakula cha baridi."

Padre aliguna. Kisha akageuka, akamshika bibi mkono wa pili.

Juu kabisa, wachimbaji waliacha sururu zao. Daktari Ghassan aligeuza ndoo, akaifuta kwa shati lake, akamkalisha Mama Saliba katikati ya ua wa jumba la mfalme. Chini yetu Bahari ya Chumvi iling'aa kama bati.

"Ndipo hapa alipocheza yule binti?" bibi akauliza. "Ndipo walipomkata Yohana kichwa?"

Padre alimkonyeza Widad aseme ndiyo. Widad akachuchumaa mbele ya bibi.

"Mwandishi mmoja wa kale anasema aliuawa katika ngome hii. Ua huu ni wa zamani zile. Mahali penyewe hasa, mama, sipajui."

"Umenipandisha mlima mzima uje kuniambia hujui?"

"Ndiyo, mama."

Mama Saliba akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo yakageuka kilio cha kweli. Akainama, akaweka kiganja juu ya sakafu. "Hanna," akasema, "nimefika." Abuna Butros akavua kofia yake, akamsomea marehemu sala.

Kushuka kulikuwa kazi nyingine. Magoti yaligoma kabisa. Wachimbaji wakatandika mablanketi ndani ya toroli la udongo, wakalifunga kamba nyuma ya kulizuia lisikimbie, na padre mwenyewe akashika mpini mmoja wa toroli.

"Polepole, Abuna! Mimi si gunia la saruji!"

Mafundi walicheka njia nzima. Chini, wenzake walimpokea kwa vigelegele.

Meneja wa kampuni yetu ya utalii alimfokea Widad kwa kuchelewesha chakula, naye alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba abadilishe ratiba. Ilichukua miezi, na mahujaji wa parokia ile waliandika barua kumtetea. Siku hizi Mukawir hupewa asubuhi nzima, na hakuna anayeachwa ndani ya basi langu ila kwa kupenda mwenyewe.